Farasi Aliyehasiwa Halazwi

Farasi akishahasiwa, mtembeze. Kesho yake asubuhi mtembeze, na jioni mtembeze tena. Akigoma mvute, akichechemea msemeshe, ila usimwache amesimama bandani kichwa chini ukadhani unamhurumia. Naanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita nilipita kwenye zizi moja la hapa Kampala nikawakuta wenzenu wawili, masaisi vijana kama ninyi, wamemfungia dume aliyehasiwa juzi yake kwenye banda lenye giza, wamemtandikia majani makavu mpaka magotini. Nikawauliza kwa nini. Mmoja akanijibu kwa upole, "Mzee, ana kidonda. Apumzike kwanza." Nilitaka kumfokea. Kisha nikakumbuka kwamba niliwahi kufikiri hivyo hivyo mimi, na kwa sababu hiyo mtu asiye na kosa aliwekwa ndani.

Kwa hiyo someni. Sasa sina mkubwa wa kuniambia ninyamaze. Kama yupo aliyebaki na hamu ya kuniadhibu kwa haya nitakayoyasema, atakuwa mzee kama mimi. Aje, tutakunywa chai.

Nilikuwa saisi, mtunza farasi, kwa miaka ishirini na saba. Baba yangu, Mnubi wa Bombo aliyevaa sare ya polisi mpaka ikamzeekea mwilini, alinisomesha sekondari ili niwe karani. Nikaishia kuzoa samadi. Zizi letu lilikuwa kando ya barabara ya Hoima, ukishapita Kasubi. Lilikuwa mali ya familia moja ya Kihindi, na Wahindi walipofukuzwa nchini, wanajeshi wakalichukua pamoja na farasi tisa, matandiko, mimi na Mzee Marjan. Tulihesabiwa kwenye orodha moja na ndoo.

Mzee Marjan ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuingia darasani hata siku moja, na alinicheka kwa sababu nilifika siku ya kwanza na daftari. "Andika," aliniambia. "Andika kwamba farasi hajui kusoma." Kisha akanishika shingo akanilaza sikio ubavuni mwa jike mmoja. "Unasikia nini?" Nikasema nasikia kelele. "Tumbo la farasi mzima lina kelele kama jiko la harusi. Likinyamaza, acha kila kitu ukamwite daktari." Katika miaka ishirini na saba sikupata somo lililonifaa kuliko hilo, na sikuliandika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa fundo. Nilimfunga jike huyo huyo kwa fundo la mbuzi, lile ambalo likivutwa linazidi kukaza. Pikipiki ikamshtua, akang'oa nguzo na kuondoka nayo mpaka Namungoona. Marjan hakunipiga. Alinituma niifuate ile nguzo kwa miguu na kuirudisha begani, nikipita mbele ya wanawake waliokuwa wakiuza ndizi, nao wakaniuliza kama nimeoa mti. Farasi hufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Tangu siku ile sikuhitaji kukumbushwa.

Ila fundo ni kosa la kuchekesha. Hili jingine sijawahi kulicheka.

Tulikuwa na dume wa miaka miwili na nusu, rangi yake ya ufuta uliokaangwa kidogo, simsim kwa kwetu, tukamwita Simsim. Alikuwa akiuma mabega, akipanda majike juu ya uzio, akipiga teke ndoo yoyote iliyopakwa rangi. Kapteni Zuberi, msimamizi wetu, alikuwa amemwahidi mkubwa mmoja wa serikali farasi mtulivu wa kupanda mbele ya wageni. Mkubwa wakati ule akianguka, alianguka na watu wengi. Ikaamuliwa Simsim ahasiwe.

Aliletwa Daktari Ssali, mganga wa mifugo, Mganda mwembamba asiyepandisha sauti. Neno farasi alilitamka "falasi" mpaka mwisho, lakini kisu chake hakikuwa na shida ya matamshi. Asubuhi moja alimchoma Simsim dawa ya usingizi kwenye nyasi nyuma ya mabanda, na kabla birika la chai halijachemka alikuwa amemaliza. Aliviacha vidonda wazi, viwili, bila uzi.

"Nimeviacha hivyo makusudi, ssebo," aliniambia akinawa. "Leo asimame tu, mumtazame. Damu itadondoka. Ukiweza kuhesabu matone, tulia. Ukishindwa kuhesabu, niite mbio. Kazi inaanza kesho. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Atembee kwanza, halafu mchakamchaka. Na maji baridi ya mpira, mumwagie hapo hapo. Kidonda hiki kinapona kutoka ndani. Mlango ukifunga kabla uchafu haujatoka, mtaniita kuzika."

Koplo Draku, mlinzi wetu wa getini, mtu wa Arua, alikuwa akisikiliza. Daktari akamgeukia. "Na majike mumweke mbali nao. Huyu bado ana akiba."

"Akiba gani, daktari?"

"Ya watoto. Mwezi mzima, pengine na zaidi."

Koplo akamtazama Simsim kwa heshima mpya. Hilo la akiba tulilipuuza miaka ya baadaye kwa farasi mwingine, tukapata mtoto ambaye kwenye daftari la zizi baba yake ni maksai. Nanyi mtalipuuza, najua, kwa hiyo andaeni maelezo mapema.

Mzee Marjan hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Bombo kwenye msiba wa dada yake. Nilikuwa peke yangu, na jioni Kapteni Zuberi akaja. Wiki iliyotangulia alikuwa amemtahirisha mtoto wake. Ninyi ambao si wa kwetu mnahitaji kujua jambo moja: kwetu mtoto aliyetahiriwa hakimbii. Anakaa miguu kando, shuka imeinuliwa isimguse, analishwa uji na mama na shangazi kama sultani. Maji hayakaribii kidonda. Bibi anachekecha majivu kwa kitambaa mpaka yawe laini kama poda, ananyunyiza, na kila mtu anangoja kikauke.

Nilipomweleza kapteni maagizo ya daktari, alinitazama kama niliyetukana.

"Toto yangu tumetahiri juzi juzi," alisema. "Iko nalala tu, mama yake nalisha yeye. Na wewe nataka kimbiza hii farasi na kidonda? Na maji ya baridi? Wewe roho yako ya jiwe?"

"Daktari ndiye aliyesema, Afande."

"Daktari ni Muganda, hapana jua tohara. Hakuna kutoka banda. Kidonda ikauke. Koplo, hii farasi ikitoka, nakuweka ndani wewe na yeye."

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki na kusema kwamba nilitii amri. Ni uongo, na leo naufuta. Amri ilikuwepo, lakini niliikubali kwa moyo mweupe. Nilikumbuka tohara yangu mwenyewe, nilivyolia nilipogusa maji, na nikamwona daktari kuwa mtu mkatili mwenye sauti ya upole. Kapteni hakuniagiza nitandike majani mara mbili. Hakuniagiza nichekeche majivu. Hayo niliyafanya mimi, kwa mapenzi, nikimwimbia Simsim nyimbo za bibi yangu.

Kidonda kilikauka vizuri ajabu. Siku ya pili midomo yake ilikuwa imekutana, na nikajisifu. Siku ya tatu palikuwa na uvimbe kama papai. Jioni ulikuwa kama fenesi changa, umeshuka mpaka kwenye ala ya uume wake, ngozi inang'aa. Alisimama miguu ya nyuma kando, jasho shingoni, pumba hajaonja. Nikalaza sikio ubavuni mwake. Lile jiko la harusi lilikuwa limebaki na sufuria moja.

Nilipompigia kapteni simu alikuja upesi, akachungulia, na nikaona hofu ikimpanda. Mkubwa alikuwa amekwisha kuahidiwa farasi.

"Nani nakata hii?"

"Daktari Ssali."

"Nakata vibaya."

Akaondoka. Alirudi baada ya saa moja na karatasi iliyopigwa taipu, ikisema kwamba daktari alitumia vyombo vichafu kwa nia ya kuharibu mali ya serikali, na kwamba mtunza farasi alishuhudia. Mtunza farasi ndiye mimi. Vyombo vya daktari nilikuwa nimevichemsha kwa mikono yangu mwenyewe.

"Weka sahihi."

Nikaweka. Sahihi yangu nzuri ya sekondari, yenye mkia.

Kesho yake walimchukua daktari kutoka mezani kwake wakati wa chakula cha mchana, wakamweka mahabusu kambini. Kapteni hakuficha. Alituambia wazi uani, mimi na koplo: farasi akifa, daktari ni mhujumu. Sote tulijua mhujumu alifanywa nini. Hakuna aliyehitaji kueleza.

Marjan alirudi asubuhi iliyofuata, bado na vumbi la Bombo kwenye kanzu. Alifungua banda, akaona majani, akaona majivu, akainama akatazama chini ya tumbo la farasi.

"Umemhasi," aliniuliza, "au umemtahiri?"

"Mzee, kapteni aliamuru."

"Kapteni alikuja hapa kuchekecha majivu? Nioneshe alipopiga magoti." Alinyanyuka. "Daktari yuko wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na sahihi. Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Basi huyu farasi ndiye wakili wa daktari," alisema. "Akilala, daktari naye amelala. Chota maji."

Sabuni wakati ule ilikuwa bidhaa ya magendo. Watu walipanga foleni sokoni Kikuubo kutwa nzima wakarudi na maneno. Mke wa Marjan alikuwa na kipande alichokitunza ndani ya karatasi, cha kuogea siku ya Idi. Marjan aliagiza kiletwe chote. Nikanawa mpaka viwikoni mara tatu, kucha nikizikwangua kwa kijiti, naye akinihesabia. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Koplo Draku aliacha geti akaja kushika hatamu bila kuombwa.

Nilitia kidole pale midomo ilipokutana, nikaifungua. Sitawaficha: ilitoka ndoo nusu, maji yenye rangi ya chai mbovu, na harufu iliyomfanya koplo ageuzie uso ukutani. Simsim alitetemeka mwili mzima, kisha akashusha pumzi ndefu. Upande wa pili nao vivyo hivyo. Msijaribu haya daktari akiwa anapatikana. Sisi wetu tulikuwa tumemfungisha. Na mkiona kitu kama utumbo au utando unaning'inia kutoka humo, msivute wala msirudishe. Ukingeni kwa shuka safi yenye maji, mwacheni asimame, mtafuteni mganga hata kama yuko upande wa pili wa nchi.

"Sasa atoke," alisema Marjan.

Tukamtazama koplo. Bunduki yake ilikuwa imeegemea ukuta wa banda.

"Mimi kwetu tunahasi ng'ombe," alisema koplo taratibu. "Asubuhi tunahasi, mchana iko malishoni na wengine. Mimi sijaona ng'ombe nalala kitanda." Aliichukua bunduki yake. "Mimi nakwenda kukojoa. Lakini nawaambia, mimi nakojoa muda mrefu."

Alikojoa nusu saa asubuhi ile na nusu saa jioni. Siku ya pili alitangaza kwamba tumbo nalo limemharibikia, akatupa dakika arobaini.

Marjan alitaka tumtembeze nyuma ya mabanda, kwenye maficho. Nikakataa. Nyuma palikuwa na tope, na farasi anayeteleza anachanika. Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Sababu nyingine ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa nyuma ya mabanda. Nikamtoa mbele, kwenye ua unaoonekana kutoka barabara ya Hoima, kweupe. Hatua za kwanza alitembea kama mzee anayepita kwenye misumari. Dakika ya kumi akaanza kulegea. Nilipomtia mchakamchaka, vidonda vilitema, na ndivyo tulivyotaka. Ule mwendo wa mapaja ndio pampu. Kisha maji ya mpira, yasiyo na nguvu, mpaka ngozi ipoe. Kisha mafuta mazito ndani ya mapaja ili usaha usimbabue na nzi wasimtulie. Siku ya pili jioni alikula pumba zote, akalamba ndoo, akaipiga teke. Marjan aliokota ile ndoo akaifuta kama kombe la ushindi.

Tukinywa chai jioni hiyo nilimwambia Marjan kwamba nitaandika karatasi nyingine. Niseme kweli: vyombo vilikuwa safi, daktari alikata vizuri, kapteni aliamuru farasi alazwe, na mimi nikamlaza.

Alikunywa kwanza. "Unataka kusema kweli, au unataka daktari atoke?"

"Vyote viwili."

"Vyote viwili havipiti mlango mmoja. Andika jina lako tu. Jina moja litafungua. La pili litafunga, na wewe humo ndani, na daktari."

Sikupenda. Nikaandika alivyosema.

Kapteni alikuja siku ya tatu asubuhi, na askari wawili kwenye Land Rover. Nilikuwa katikati ya ua, Simsim mkononi, tukienda mduara. Koplo alikuwa "anakojoa". Nilisikia mlango wa gari ukipigwa.

"Simamisha hiyo farasi."

"Siwezi, Afande. Akisimama atavimba tena."

"Mimi nasema simama."

"Nakusikia, Afande. Tembea na mimi, nitakusikia vizuri."

Akawa hana la kufanya ila kutembea. Tulizunguka ule ua watatu, farasi, mimi, na kapteni aliyevaa viatu vilivyong'arishwa, akinifokea begani huku akiruka madimbwi. Askari wake walitazama ardhi kwa bidii sana. Kwenye mzunguko wa tatu akafungua mkoba wa bastola. Msifikiri nilikuwa shujaa. Ulimi ulikuwa umenikauka kama kidonda chenye majivu. Lakini miguu ilikuwa imeshazoea mduara, ikaendelea.

"Afande, mlio wa risasi utamshtua," nilisema. "Atakimbilia uzio, atavunja mguu. Na huyu ni wa mkubwa."

Tulienda nusu mzunguko nikisikia viatu vyake tu. Kisha nikasikia kifungo cha mkoba kikifungwa.

"Mtazame anavyokwenda," nikasema. "Uvimbe umeisha. Daktari hakukosea. Mimi nilimlaza, mimi nikaziba kidonda, na ile sahihi niliweka kwa uongo. Nimeandika karatasi nyingine. Iko mfuko wa shati."

Aliichomoa mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa kwenye kamba. Akaitandaza juu ya boneti ya gari akaisoma kwa kidole. Niliendelea kuzunguka. Kila nilipopita karibu niliona kidole kimeshuka mstari mmoja.

"Hapa jina yangu haiko," alisema hatimaye.

"Haiko, Afande."

Aliikunja mara nne. Nilipopita tena alinipiga kofi moja kwenye sikio la kushoto, na sikio hilo halijasikia tangu siku ile. Kamba sikuiachia. Marjan alitoka bandani akaipokea mkononi mwangu, akaendeleza mduara, nami nikapandishwa Land Rover.

Nilikaa mahabusu wiki tatu nikisugua vyoo vya kambi. Lakini siku ile ya kwanza, wakiniingiza kwenye ujia mwembamba, walikuwa wakimtoa Daktari Ssali. Shati lake lilikuwa limechanika begani na mguu mmoja hauna kiatu. Ujia haukuturuhusu kupita wawili, ikabidi askari watupange ukutani, tukatazamana karibu kuliko tulivyowahi.

"Anatembea?" aliniuliza.

"Anatembea, daktari. Mara mbili kwa siku."

"Maji?"

"Ya mpira. Baridi."

"Usaha una rangi gani?"

"Mweupe. Unapungua."

"Kale, sawa," akasema, na wakamtoa nje.

Ndani ya mwezi alikuwa amevuka kwenda Kenya na familia yake. Sikumwona tena. Pale ujiani nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba sahihi ile ilikuwa yangu, nikamjibu kuhusu usaha. Nadhani aliijua, kwa sababu mahabusu husomewa mashtaka yao, na kwa hiyo nadhani alipouliza juu ya farasi alikuwa ameamua kutouliza juu yangu. Simsim alimbeba mkubwa wake, akazeeka, akafa na meno marefu ya manjano. Marjan naye ametangulia, na koplo sijui aliko.

Kwa hiyo hii ni karatasi ya tatu, na hakuna aliyenisimamia wala kunipunguzia majina. Kapteni Zuberi aliamuru farasi alazwe. Mimi nilimlaza, na nilipenda kumlaza. Daktari Ssali alikata vizuri, kwa vyombo safi nilivyovichemsha mimi. Nimeweka sahihi yangu ile ile, yenye mkia.